Nani Huamuru Mashine Ilale?

Mgeni afikapo Wagenia, hapo Kisangani, huona miti mirefu iliyosimikwa katika miamba ya maporomoko, na madema yananing'inia. Tundu gani la mwamba hushika mti? Sharti aambiwe na wenyeji.

Kompyuta nayo ni vivyo hivyo, msomaji mpenzi. Kiini cha mfumo endeshi, yaani programu itawalayo mashine yote, kiamkapo hakijui betri i wapi wala feni huzimwaje. Huambiwa na programu ndogo iliyotiwa na mtengenezaji ndani ya mashine, kwa majedwali yafuatayo kanuni ya ACPI, iliyotolewa mwaka 1996 na Intel, Microsoft na Toshiba. Zamani programu hiyo ndogo ilijiamulia mambo ya usingizi. ACPI iliukabidhi uamuzi kwa kiini, kwa kuwa ndicho kijuacho kazi zinazoendelea.

Jedwali likikosewa, mashine hutiwa mkobani ikidhaniwa imelala, kumbe i macho! Umeme ukikatika jioni, mwanafunzi hukuta betri tupu. Ndiyo sababu watunzaji wa Linux wameweka ndani ya kiini chao orodha za mashine zenye majedwali mabovu, kisiyasadiki yote.