Betri za Lithiamu (Sehemu ya 2): Sigara ya Elektroniki Inapopata Joto

Betri ya sigara ya elektroniki ni ya jamii moja na ile iliyomo ndani ya simu, pawabenki na tochi za kuchaji zinazouzwa madukani Garsen na Hola, kaunti ya Tana River nchini Kenya. Katika vifaa vikubwa huwa ni seli ya mviringo yenye kipenyo cha milimita 18 na urefu wa milimita 65, na kwa vipimo hivyo mafundi huiita 18650. Katika vile vya kutumia na kutupa huwa ndogo zaidi, tena imefungiwa ndani, haitoki bila kifaa kuvunjwa. Kazi yake ni kupasha moto waya mwembamba unaogeuza kimiminika chenye nikotini kuwa mvuke. Hon Lik, mfamasia wa China, alibuni kifaa cha namna hii mwaka 2003, miaka 12 baada ya kampuni ya Sony kuanza kuuza betri za lithiamu za kuchaji. Kabla ya betri hizo hakukuwa na betri ndogo ya kuchaji iliyoweza kubeba nguvu nyingi kiasi hicho. Hatari huanza pale nguvu hiyo inapotoka yote kwa wakati mmoja.

Ndani ya seli mna tabaka mbili zilizokunjwa pamoja. Moja ni ya grafiti. Ya pili ni oksidi ya metali, mara nyingi yenye kobalti, madini ambayo sehemu kubwa yake duniani huchimbwa Kongo, katika maeneo kama Kolwezi. Kati ya tabaka hizo pana utando mwembamba wa plastiki unaozuia zisigusane, na vyote vimelowa elektroliti, kimiminika kinachoshika moto kwa urahisi. Joto la seli likifika kati ya nyuzi 80 na 120 za Selsiasi, ngozi nyembamba inayolinda grafiti huanza kuvunjika, na kuvunjika huko nako hutoa joto. Karibu na nyuzi 130 utando wa plastiki huyeyuka, pande mbili zikagusana, umeme wote ukapita humo humo ndani. Joto likikaribia nyuzi 200 na kuendelea, oksidi ya metali huachia oksijeni. Hapo seli ina kila kitu ambacho moto unahitaji: kitu cha kuungua, joto na oksijeni yake yenyewe. Kuifunika kwa blanketi au kuifukia, njia inayofaa kwa moto wa karai la mafuta, hakukatizi kinachoendelea ndani. Kinachokikatiza ni kuipoza, na kinachowaokoa watu ni kukaa mbali nayo.

Mambo yanayoifikisha seli huko yanajulikana. Chaja isiyolingana na kifaa huisukumia umeme kupita volti 4.2, kiwango ambacho seli nyingi za aina hii huhesabiwa kuwa zimejaa. Kuanguka au kukanyagwa hutoboa utando wa ndani bila alama yoyote kuonekana nje. Kitufe hukwama kikiwa kimebonyezwa, waya ukaendelea kupata moto ndani ya mkoba. Kosa la kiwandani pia lipo, na halichagui kampuni ndogo: mwaka 2016 Samsung ililazimika kuzirudisha simu zake za Galaxy Note 7 kutoka kwa wanunuzi kote duniani kwa sababu betri zilikuwa zikiwaka. Ila chanzo kinachodharauliwa kuliko vyote ni betri ya akiba iliyotiwa mfukoni uchi, pamoja na funguo na sarafu. Chuma kikigusa ncha zake mbili, njia ya umeme imekamilika. Idara ya zimamoto ya serikali kuu ya Marekani ilihesabu ajali 195 za sigara za elektroniki zilizoripotiwa kati ya mwaka 2009 na 2016, na katika 61 kati ya hizo kifaa au betri ya akiba ilikuwa mfukoni. Watu 133 waliumia, 38 kati yao vibaya. Vifo vilifuata baadaye: kimoja Florida Mei 2018, kingine Texas Januari 2019.

Garsen si Florida, na mtu mwenye sigara ya elektroniki hapa ni mmoja kati ya wengi wenye simu. Lakini hali ya hewa ya Tana River inaipunguzia betri nafasi ya kupumua. Watengenezaji wengi wa seli hizi huweka nyuzi 45 kuwa kikomo cha joto wakati wa kuchaji na nyuzi 60 wakati wa kutumia. Januari hadi Machi, kivulini penye nyuzi 35, seli inayochajiwa imebakiwa na nyuzi kumi tu kabla ya kufika kikomo, na kuchaji kwenyewe kunaongeza joto. Ndani ya kibanda cha mabati ambamo simu za kijiji kizima hupangwa zikichajiwa kwa sola, au juu ya dashibodi ya gari lililofungwa madirisha kwenye kituo cha Minjila, nafasi hiyo haipo kabisa. Mwendesha boda boda aliyefunga simu kwenye usukani, jua likiipiga kutoka juu na waya wa pikipiki ukiichaji kutoka chini, amekusanya visababishi viwili mahali pamoja, tena inchi chache kutoka kwenye tangi la petroli.

Betri iliyoelekea kuharibika kwa kawaida hutoa dalili, ingawa muda kati ya dalili na moto unaweza kuwa sekunde chache. Uvuguvugu baada ya kuvuta mara nyingi mfululizo ni jambo la kawaida. Joto ambalo kiganja hakiwezi kulivumilia si la kawaida, hasa kifaa kikiwa hakitumiki. Umbo likivimba au kifuniko kikiachana, gesi imeshajikusanya ndani. Harufu tamu, kali, inayokaribiana na ya dawa ya kuondoa rangi ya kucha, ni ya elektroliti inayovuja. Mlio wa kufoka na moshi ni dalili za mwisho. Baada ya hapo hakuna tena la kuchunguza.

Kifaa kilichopata joto lakini hakijavimba, hakitoi moshi wala mlio, kinazimwa na matumizi yake kusitishwa papo hapo. Kama kiko kwenye chaja, umeme hukatwa kwanza ukutani kwenye swichi ya soketi, au kwa kuchomoa waya upande wa paneli ya sola, kabla ya mkono kukigusa chenyewe. Kisha hupelekwa nje, kwa koleo au sepetu kikiwa cha moto, na kuwekwa juu ya udongo mtupu au saruji, kivulini, mbali na chochote kinachoweza kuungua. Sharti hili la mwisho lina uzito wake katika delta ya Mto Tana. Nyumba za vijijini za Wapokomo mara nyingi zimeezekwa nyasi au makuti, na nyumba za jadi za Waorma ni za fito, nyasi na mikeka; cheche moja ya betri, inayoruka mita kadhaa, inatosha kuliteketeza boma kabla gari lolote la zimamoto halijawashwa injini. Kama betri inatoka kwa urahisi, hutolewa ikishapoa, si wakati ina moto. Kifaa kilichofungwa hakifunguliwi na mtu yeyote, fundi wa simu akiwemo.

Dalili za mwisho zikianza, utaratibu hubadilika. Kifaa kilicho mkononi hutupwa chini. Kilicho mfukoni hutolewa pamoja na nguo ikibidi, na hapa kikoi, kwa kuwa hufunguka mara moja, humfaa mwenyewe kuliko jinzi. Watu hutolewa ndani, watoto kwanza, nao husimama upande unakotoka upepo. Moshi wa betri za lithiamu una kaboni monoksidi na hidrojeni floridi, gesi zenye sumu, na ya pili huweza kudhuru mapafu hata kwa mtu aliyevuta kidogo tu, kwa hiyo hakuna sababu ya kurudi ndani kuokoa simu. Ndani ya basi la Mombasa au Lamu, dereva huambiwa asimame, abiria washuke, ndipo kifaa kishughulikiwe.

Kisha maji, na yawe mengi. Wengi wamesikia kwamba lithiamu na maji havipatani, na hilo ni kweli kwa lithiamu tupu ya maabara. Katika betri za kuchaji lithiamu imo kwa umbo jingine, na maji ndiyo wahudumu wa ndege hufundishwa kutumia betri inapowaka angani. Ndoo moja au mbili humwagwa kutoka umbali wa kutosha, umeme ukiwa umeshakatwa, na kumwaga huendelea hata miali ikishazimika, maana kinachotafutwa ni kupoza kiini. Pasipo maji, kinywaji chochote kisicho na kileo hufaa: soda, chai iliyopoa, hata maziwa, ingawa katika boma la wafugaji wakati wa kiangazi hiyo ni dawa ya gharama. Kizimamoto cha unga huua miali lakini hakipozi, hivyo maji bado yanahitajika baada yake. Mchanga huzuia cheche zisisambae, nao unafaa pale ambapo hakuna kimiminika kabisa. Tatizo lake ni kwamba huhifadhi joto, na betri iliyo chini yake inaweza kuwaka upya.

Barafu nayo huonekana jibu la wazi katika mji wenye joto kama Garsen, na ni jibu baya. Vipande vya barafu vilivyorundikwa juu ya betri huizingira na kulizuia joto lisitoke, kama ilivyo kwa blanketi. Friji pia haifai: unyevu hujikusanya ndani ya kifaa, na betri ikilipuka humo hulipukia chumbani. Kuikanyaga au kuitoboa ili itoe gesi ni kuuvunja ule utando uliobaki.

Kwa aliyeungua, maji safi ya bomba au ya mtungi humwagiwa sehemu hiyo kwa dakika 20. Pete, saa na nguo huondolewa mapema kabla ya uvimbe kuanza, isipokuwa nguo iliyoshikana na ngozi. Dawa ya meno, unga, samli na mafuta ya taa havina kazi hapo zaidi ya kuziba jeraha na kumsumbua daktari. Majeraha ya betri hizi mara nyingi huwa mapajani, sehemu za siri na viganjani, na huwa na mambo mawili kwa pamoja, moto na kemikali. Kwa hiyo mhudumu katika kituo cha afya cha Garsen, Hospitali ya Ngao au hospitali ya rufaa ya Hola anapaswa kuambiwa mapema kwamba kilichounguza ni betri, ili asafishe kemikali kabla ya kufunga. Aliyevuta moshi hupelekwa hospitali hata akisema yuko sawa, kwani uvimbe wa mapafu unaweza kuja saa kadhaa baadaye.

Betri iliyozimwa haiaminiki kwa muda. Seli iliyosalia na chaji inaweza kuwaka tena baada ya saa, pengine baada ya siku. Huachwa nje ndani ya ndoo ya maji au kopo la chuma lenye mchanga, bila kifuniko kinachobana, na hairudishwi ndani ya nyumba usiku huo.

Mafuriko yanaleta sura nyingine ya tatizo hili, na kwa wakazi wa delta huenda ndiyo inayowagusa zaidi. Mto Tana ulifurika vibaya wakati wa El Niño ya 1997 na 1998, ukarudia Novemba 2023, na tena Aprili na Mei 2024, familia zikihamia maeneo yaliyoinuka na vitu vichache, simu na taa ya sola vikiwa miongoni mwa vya kwanza kubebwa. Betri iliyozama huonekana nzima ikikauka, kumbe maji yameacha ndani tope na chumvi vinavyopitisha umeme polepole hadi siku joto litakapoanza. Maji ya bahari ni mabaya zaidi, na Kipini, mto unapokutana na Ghuba ya Ungwana, maji ya chumvi hupanda mbali. Baada ya kimbunga Ian kupiga Florida Septemba 2022, magari ya umeme yaliyofunikwa na maji ya bahari yaliwaka moto siku kadhaa baadaye, yakiwa yameegeshwa. Kifaa kilichozama hakichajiwi. Taa nyingi za sola hutumia lithiamu yenye chuma na fosfeti, aina isiyowaka kwa urahisi kama ile ya kobalti, lakini tahadhari ni ile ile kwa kuwa aina ya seli haijulikani kwa kutazama ganda.

Mwisho wa betri mbovu vijijini huwa jaa la taka linalochomwa jioni, choo cha shimo au mto. La kwanza ni hatari kwa anayewasha moto na kwa watoto wanaochokora majivu. La mwisho hupeleka kobalti na elektroliti kwenye maji ambayo watu wa mtoni hunywa na mifugo hunyweshwa. Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya mwaka 2022 inawabebesha watengenezaji na waagizaji wajibu wa kushughulikia bidhaa zao zikishachakaa, na Nairobi kuna kituo cha WEEE Centre kinachopokea taka za elektroniki. Kutoka Garsen ni mbali. Hadi betri ipate wa kuipeleka, ncha zake hufungwa kwa utepe wa plastiki, moja moja, kisha huwekwa kwenye kopo la chuma lenye mchanga mkavu, nje ya nyumba, juu mahali ambapo mtoto hafiki na maji ya mto hayapandi.