Je, Wajua? Mnara hushikwa na nyaya zake
Mlingoti wa redio wa Konstantynów, Poland, uliokamilika mwaka 1974, ulikuwa na urefu wa mita 646, lakini haukusimama kwa nguvu za chuma chake. Ulishikwa na nyaya zilizofungwa kwenye nanga ardhini, pande tatu, ili upepo utokee popote, kuwe na waya wa kuuzuia mlingoti usianguke. Tarehe 8 Agosti 1991, nyaya hizo zikibadilishwa, ulipinda, ukakatika, ukaanguka. Utasema basi ujengwe mnene, ujitegemee; sawa, ila chuma kitakachohitajika si haba. Kwa maoni yangu, mchoro wa nanga usiishie kwenye kusimamisha mnara: uonyeshe pia waya wa muda utafungwa wapi ule wa kudumu ukifunguliwa.