Fahamu: Shule ya kiangazi ya uhandisi wa programu ni nini?

Ni mafunzo mafupi, ya siku chache hadi wiki mbili hivi. Wanafunzi wa uzamili na uzamivu kutoka nchi mbalimbali hukaa pamoja na mabingwa wa fani: mihadhara, kisha mazoezi kwenye kompyuta. Ile ya Marktoberdorf, Ujerumani, ilianza mwaka 1970.

Na kwetu Kenya? Zipo za fani za karibu. Juni 2015, jumuiya ya Data Science Africa iliendesha shule ya sayansi ya data katika Chuo Kikuu cha Dedan Kimathi, Nyeri. Agosti 2019, Deep Learning Indaba, mkusanyiko wa akili bandia, ikafika Chuo Kikuu cha Kenyatta. Jina “kiangazi” linafuata majira ya Ulaya. Huku miezi hiyo ni ya baridi.

Kwa nini kusafiri ilhali intaneti ipo? Wamunyu, kijiji cha wachongaji huko Machakos, inajua jibu. Mchongaji wa huko, Mutisya Munge, anakumbukwa kwa kujifunza uchongaji Tanganyika wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, kisha akarudi nao nyumbani. Mwanagenzi hutazama tezo la fundi linavyofuata mshipa wa mti. Vivyo hivyo, bingwa akikuonyesha alivyolisaka kosa katika mstari mmoja wa programu, umepata ujuzi wa maisha.

Vijana wa Machakos, ombeni nafasi. Baadhi ya shule hizi hutoa ufadhili.