Kishindo cha Ngumi Hakitoki Tayani

Mpenzi wa sinema amwonapo jambazi akipigwa ngumi, na kusikia kishindo chake, huamini kwamba ni taya lililolia. La hasha! Ngumi ile haikumgusa mtu. Kishindo kilitiwa baadaye, ndani ya chumba kilichofungwa.

Kazi hiyo huitwa foli, kwa jina la Mmarekani Jack Foley wa kampuni ya Universal. Mwaka wa 1927 ilipotoka The Jazz Singer, watazamaji walianza kuchoshwa na picha bubu. Universal nao walikuwa na Show Boat, iliyopigwa bila sauti. Basi Foley na wenzake wakasimama mbele ya picha ikionyeshwa, wakawa wanapiga makofi na kukanyaga sakafu kufuatana na waliyoyaona. Filamu ikatoka mwaka wa 1929, nayo ina sauti.

Vyombo vya kazi hii vinachekesha. Kwato za farasi ni vifuu viwili vya nazi, ambavyo kwetu Pwani vingetengenezwa upawa. Anayetembea juu ya theluji ni mfuko wa wanga wa mahindi unaofinywa kwa vidole. Katika Psycho ya Alfred Hitchcock, ya mwaka wa 1960, kisu kinachomchoma yule mwanamke bafuni kilikuwa kikichoma tikiti!

Msomaji atauliza: kwa nini sauti zisinaswe pale pale? Hunaswa, lakini kipaza sauti huelekezwa midomoni mwa wachezaji, nyayo zikasikika kwa mbali au zisisikike kabisa. Hata hivyo kunasa papo hapo kuna ufundi wake. Out of Africa, iliyopigwa hapa Kenya na kutoka mwaka wa 1985, ilipata tuzo ya Oscar ya sauti, na mmoja wa walioipokea alikuwa Peter Handford, Mwingereza aliyesifika kwa kunasa milio ya garimoshi.

Lakini sababu kubwa ni lugha. Maneno yakiondolewa ili filamu itiwe lugha nyingine, kila kilichonaswa pamoja nayo huondoka pia. Mtayarishaji wetu akimaliza fedha zote kwenye kamera, akasahau foli, filamu yake ya Kikuyu au Kijaluo ikitiwa Kiswahili milango itafungwa kimya, na watu watatembea kama mizimu.