Solenodoni: Jina na Mnyama

Mfasiri akutanaye na neno solenodoni hushawishika kuandika "panya mwenye sumu". Hilo ni kosa. Panya ni wa jamii ya wanyama wagugunao. Huyu hula wadudu na minyoo, na ukoo wake u karibu zaidi na ule wa kirukanjia na fuko, ingawa ulijitenga nao makumi ya mamilioni ya miaka iliyopita.

Jina limeundwa kwa maneno mawili ya Kiyunani, "mfereji" na "jino", nalo lasema kweli. Jino lake la pili la mbele, katika taya ya chini, lina mfuo. Sumu itokayo katika tezi iliyo chini ya taya hupita humo hata ikaingia jerahani. (Nyoka hutumia meno ya taya ya juu.)

Zimesalia aina mbili tu: moja ya kisiwa cha Hispaniola, nyingine ya Kuba, ambako huitwa almiquí. Huyu wa Kuba, aliyeelezwa na wataalamu mwaka 1861, alidhaniwa kuwa amekwisha. Akapatikana tena mwaka 1974, na mwingine akashikwa mwaka 2003. Huzaa mtoto mmoja au wawili tu. Misitu hukatwa, mbwa, paka na nguchiro walioletwa na watu humwua, na sumu yake haimwokoi.

Kwetu panya ni wa kutegwa, na mnyama apewaye jina hilo ni vigumu kumwombea hifadhi. Kwa hiyo napendelea solenodoni, katika ngeli ya mtu na watu, wingi wake usibadilike.