Mguu Unaouma: Tuketi au Tutembee?

Pengine mmekwisha kumwona mzee atembeaye hatua mia mbili, kisha asimama na kushika shavu la mguu kwa maumivu. Akipumzika kidogo, maumivu yatoweka, akiendelea, yarudi. Nasi twamwambia: «Ni uzee tu, baba, keti nyumbani.» Shauri hilo latoka katika upendo, lakini lina hasara.

Mara nyingi mishipa ipelekayo damu miguuni imezibwa na mafuta, hasa kwa wavutao tumbako na wenye ugonjwa wa sukari. Msuli ufanyao kazi hukosa damu ya kutosha, nao hulalamika.

Mwaka 1966 waganga wawili wa Denmark, Larsen na Lassen, walionyesha ya kuwa mgonjwa azoezaye miguu kila siku huongeza mwendo wake. Hata leo njia ni hiyo: kutembea mpaka maumivu yazidi kiasi, kupumzika mpaka yaishe, kisha kutembea tena; dakika 30 hadi 45, mara tatu kila juma, kwa miezi mitatu au zaidi. Mshipa hauzibuki, bali msuli hujifunza kutumia vema damu inayoufikia.

Lakini kwanza mganga wa hospitali ampime, na tumbako iachwe. Tena angalieni: mguu uumao usiku kitandani, kidonda kisichopona, au mguu uliopoa ghafula na kupauka, hayo si ya kungojea, mpelekeni mgonjwa hospitali upesi.

Basi, vijana, msimpe babu kiti tu. Mpeni mkono, mkatembee pamoja naye.