Kwa Nini Zigi Hakauki?

Njooni wanangu, sogeeni karibu. Leo tunaye Zigi.

Zigi ni mto. Hauna ukubwa wa Rufiji, hata kidogo. Huko juu, mtoto anavuka kwa kukanyaga mawe. Unaanzia kwenye milima ya Usambara Mashariki, upande wa Amani, wilayani Muheza. Unateremka, unapinda huku, unapinda kule, mpaka Bahari ya Hindi, kaskazini ya jiji la Tanga.

"Mjomba, mbona kiangazi mvua hakuna, na mto bado una maji?"

Hongera, mwanangu! Swali zuri hilo. Watu wazima wengi wanapita darajani kila siku na hawajawahi kuliuliza. Ngoja tumwulize mwenyewe.

"Mimi Zigi," anasema, "maji napewa na msitu. Tone, tone, tone."

Mnakijua kifumbu cha nazi? Bibi anatia nazi aliyoikuna, anamimina maji. Je, yanaanguka yote mara moja? Hapana. Yanajificha kwanza ndani ya nazi, kisha yanashuka tone, tone, tone. Sasa mimina maji hayohayo juu ya sinia tupu. Puu! Yamekwisha. Basi, msitu wa Amani ndio kifumbu cha Zigi. Mawingu yanatoka baharini, yanapanda milima, mvua inanyesha. Kwa mwaka hufika karibu milimita 2,000. Ingekaa yote pale ilipoangukia, baba yako angezama kichwa! Majani makavu, mizizi na udongo mweusi vinayanywa maji hayo. Halafu vinamgawia Zigi kiangazi kizima.

"Na nani wanaishi huko, mjomba?"

Wengi! Juu mitini yuko mbega, mweusi, mwenye manyoya marefu meupe mabegani. Hondohondo wakipita, unasikia mabawa yao kabla hujawaona. Kwenye mwamba wenye kivuli na unyevu limeota ua dogo la zambarau, majani yake yana vinyweleo laini. Miaka ya 1890, ofisa Mjerumani aliyekuwa Tanga, Walter von Saint Paul-Illaire, alipeleka mbegu zake kwao. Leo linapandwa vyunguni, madirishani, Ulaya hadi Marekani. Wengi wanaolimwagilia hawajui kwamba kwao ni huku kwetu. Mimi nalipenda zaidi hapa mwambani.

Lakini ninayempenda kuliko wote ni kereng'ende mmoja mwembamba. Duniani kote anapatikana Usambara Mashariki tu. Anataka kijito kidogo, chenye kivuli na maji yanayotembea. Watoto wake hukulia ndani ya maji, chini, kati ya mawe na majani.

"Kijito kikiharibika, si atahamia kingine?"

Ahamie wapi, mwanangu? Ukikata miti, jua linaingia, maji yanapata joto. Hana nyumba nyingine.

Miaka ya 2003 na 2004 watu walimiminika milimani kutafuta dhahabu. Walichimbua mpaka ndani ya vijito. "Niliingia matope machoni," Zigi anasema. Na matope hayo yalikuwa na safari ndefu, kwa sababu huko chini, kwenye bwawa la Mabayani, ndiko watu wa Tanga wanakopata maji yao. Ukifungua bomba Tanga, unafungua Zigi.

Ndiyo maana nawashukuru sana wakulima wa juu. Wana umoja wao, UWAMAKIZI, wa kutunza Zigi na ndugu yake, mto Kihuhwi. Sheria ya mazingira ya mwaka 2004 nayo inataka shughuli za kudumu zikae mita 60 kutoka ukingoni. Mita 60! Hesabuni hatua zenu, mtaona ni mbali.

"Mjomba, tutaenda kuogelea?"

Tutaenda Amani, tutatembea msituni na mwongoza wageni. Kuogelea ni pale tu atakaporuhusu, na mtu mzima awepo. Mkiona maji safi yamegeuka kahawia ghafla, tokeni mbio, msingoje kuitwa: mvua imenyesha juu na mto unajaa. Na kwenye vijito vidogo vya kivulini, vukeni juu ya mawe. Msikoroge chini. Watoto wa kereng'ende wamo humo.